Mwaka Niliochanjiana na Hoza

Tulipomaliza kumzika Hoza kule Lutindi, kijana mmoja wa ukoo wake aliyekuwa akiongoza shughuli alinishika mkono, akanisimamisha mbele ya watu na kusema, "Huyu mzee mnayemwona amepanda mlima huu kutoka Handeni. Ni mbuya wa marehemu, rafiki wa kufa na kuzikana, tangu wakiwa wanafunzi. Baba, hebu tuambie sisi vijana, siri ya kukaa na rafiki mmoja miaka yote hii ni nini?" Manyunyu yalikuwa yakianguka, viatu vyangu vimejaa tope, na nilikuwa na njaa. Nikasema, "Uvumilivu." Watu wakatikisa vichwa kukubali, akina mama wawili wakajifuta macho kwa kanga, mchungaji akasema amina. Nimefanya kazi idara ya maji Handeni mpaka nikastaafu, wilaya ambayo maji yenyewe ni ya kutafuta, kwa hiyo nimezoea kusimama mbele ya watu na kuwaahidi kisichokuwepo. Lakini siku ile nilikaa chini nikaivuta kofia usoni, na watu wakadhani nalia. Jibu la kweli lilikuwa fupi kuliko lile la uvumilivu. Nilikaa na Hoza kwa sababu nilishindwa kutoka, na nilishindwa mwaka mmoja tu, tukiwa kidato cha pili pale Korogwe. Mengine yote yalifuata kwa mazoea.

Nilihamia shule ile katikati ya safari. Sababu za kuhamishwa zilikuwa za nyumbani, siziingizi hapa. Wenzangu walikuwa wameanza pamoja mwaka uliotangulia, wameshagombana, wameshapatana, kila mtu ana mtu wake. Nilipewa kitanda cha mwisho bwenini, karibu na mlango wa bafu, ambako sakafu haikukauka hata siku moja. Bweni lilikuwa chumba kirefu chenye vitanda arobaini vya chuma na madirisha yaliyopigiliwa nyavu za waya, kwa sababu waliotutangulia walikuwa wakitorokea mtaa wa Manundu kufuata maandazi. Nje kulikuwa na ua wa michongoma, na nje ya michongoma mkonge, mistari kwa mistari, hata ukitazama hujui unaishia wapi. Tuliruhusiwa kutoka Jumamosi moja tu kwa mwezi. Wiki zile za kwanza nilikuwa nikilala nimeuelekea ukuta, nikisikiliza wenzangu wakitaniana kwa majina ambayo asili yake siijui, na hakuna kitu kinachomchosha mtu kama kucheka kichekesho cha watu wengine kwa adabu. Nilifanya hivyo mpaka mashavu yakaniuma.

Mateso yenyewe hasa yalikuwa bwaloni. Tulikula meza kwa meza, watu kumi, sinia moja la ugali na bakuli moja la maharage. Miaka ile ulikuwa ugali wa yanga, unga wa mahindi ya njano, unaonuka gunia. Kila meza ilikuwa na mpakuaji wake, na mpakuaji alikuwa mfalme: anakata ugali kwa ukingo wa sahani, anakuangalia usoni, halafu anaamua wewe ni mtu wa kiasi gani. Mimi nilikuwa nikisimama na sahani yangu ya bati nikiambiwa, "Meza imejaa." Naenda ya pili, "Imejaa, kaka." Mwisho mpishi ananionea huruma, ananikwangulia ukoko, nakula nimesimama kwenye mlango wa jiko huku wapishi wakizungumza juu yangu kama vile sipo. "Huyu wa Handeni hana wenzake?" "Hana. Labda mkorofi." Sikuwa mkorofi. Nilikuwa tu nimechelewa kufika.

Aliyeniokoa ni Hoza, mpakuaji wa meza ya sita. Mrefu, paji pana, Msambaa wa huko Lutindi, mtoto wa misheni aliyejua kuimba na kupiga chenga na kuiga sauti ya kila mwalimu. Siku moja alinyanyua mkono katikati ya kelele zote zile akaniita. "Wewe wa Handeni! Njoo ukae hapa. Nyinyi si mnaogea umande kwenu? Basi leo utakunywa na mchuzi." Meza nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka, safari hii kwa furaha ya kweli, maana kichekesho kilikuwa changu. Akanikatia ugali sawa na wengine. Mpaka leo nikiuangalia ugali wa moto ukikatwa, ile furaha inanirudia, na inaniudhi kwamba inanirudia. Baada ya mwezi nilikuwa najulikana kama Mhando wa Hoza, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kulipenda la baba yangu.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kuwa rafiki yangu bila shida yoyote. Kitanda cha jirani alilala Athumani, Mzigua mwenzangu wa Sindeni, mdogo wa umbo, mpole, kaptula yake imetiwa viraka viwili nyuma vinavyotazamana. Alikuwa wa kwanza kijijini kwao kufaulu kwenda sekondari, na walimsindikiza mpaka barabarani kwa ngoma. Alikuwa akiswali sala zote tano na kuongea Kizigua usingizini. Alikuja na karanga za kukaanga kutoka kwao, na kila jioni kabla ya kengele alinipa konzi moja bila kusema neno. Nilizitafuna. Halafu bwaloni nilimpita na kwenda kukaa meza ya sita. Hakuninunia, na hilo lilinifanya nimwone kama mtu asiyejua kitu.

Hoza alikuwa na tabia moja iliyonitia hofu. Alikuwa akimwinua mtu, akichoka anamwacha. Kabla yangu kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akikaa mkono wake wa kulia pale mezani; nilipokuja mimi, yule alihamishiwa mwisho wa benchi, kisha meza nyingine, na kisha nikawa namwona mlangoni mwa jiko. Nikaanza kuhesabu siku zangu. Ndipo nilipokumbuka habari za babu, ambaye alikuwa na mbuya wake wa milimani, mtu wa kuletewa tumbaku na kupelekewa mbuzi, aliyekuwa akilala chumba cha ndani kama mtoto wa nyumba. Walichanjiana. Mkichanjiana hamwachani. Hoza alilifahamu jambo hilo, wazee wa kwao nao walilifanya zamani kabla ya kanisa kulikataza, na nilipomwambia aliruka kwa furaha. Mtu anaweza kudhani Hoza ndiye aliyenitega. Mimi ndiye niliyelileta wazo, na wembe ulikuwa wangu.

Tulihitaji mtu wa tatu, kwa sababu wanaochanjiana hawajifungi wenyewe. Anasimama mtu juu yao, anagonga chuma na kutamka maneno. Athumani aliyajua maneno. Babu yake ndiye aliyekuwa akiitwa kwa kazi hiyo Sindeni yote, na yeye alikuwa akimbebea mfuko. Nilipomwomba alikataa.

"Haya si ya kuchezea, Mhando. Ukishafungwa umefungwa."

"Ndiyo ninachotaka."

"Unamjua vizuri huyu?"

"Athumani, usinionee wivu bwana."

Nadhani neno hilo lilimchoma, na ndiyo sababu akakubali. Jumamosi, baada ya usafi, tuliingia kwenye mkonge nyuma ya kiwanja cha mpira. Tulijichanja kifuani, Hoza alijichanja kidogo na mimi nikajichanja sana. Kwa desturi ni maini ya kuku. Sisi tulikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma. Nikapaka damu yangu akala, akapaka yake nikala. Athumani alisimama juu yetu akigonga kijiko kwenye sahani ya bati, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu mzima. Mbuya wako akikuomba, usimnyime. Akificha, usimfichue. Ukimfichua, tumbo livimbe, usiione mvua ijayo. Hoza alikuwa akitabasamu mpaka alipofika hapo kwenye tumbo. Mimi nilisikia amani ambayo sijaisikia tena. Nilijiona nimefika nyumbani.

Alianza na sabuni. "Mbuya, hutaninyima." Nikampa nusu, akachukua yote. Ikaja fulana, likaja blanketi mwezi wa saba, wakati upepo wa milimani unashuka mpaka bondeni, nikalala na shuka. Kisha madaftari ya kunakili, kisha mashati, ambayo nilikuwa nikiyafua kila Jumamosi pale tenkini huku wenzangu wakipita na kuniuliza, "Mhando, umeolewa lini? Mbona hatukula pilau?" Hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema bila kumtetea. Alikuwa amegundua neno linalofungua kila mlango, na katika umri ule nani angeacha kulitumia? Kila aliposema "mbuya", nilipapasa kovu langu ndani ya shati na kutii. Kabla ya blanketi, likizo ya Juni, nilitamani kwenda kupumzika Handeni. Akasema anakuja, na akaja, akalala kwenye kitanda changu, akamchekesha mama mpaka akamwaga chai. Nikamsikia mama akimwambia jirani uani, "Mwanangu kapata ndugu. Sasa hata nikifa sina wasiwasi." Nilikuwa chumbani nimekaa kwenye mkeka, nikajua kwamba hata pale kwetu hakukuwa na mahali pa kumkimbia.

Na alinikataza Athumani. "Yule shahidi tu. Kazi yake imekwisha." Nikahamisha kichwa changu upande wa pili wa kitanda. Nikimwona Athumani anakuja, naigeuza njia kuelekea chooni. Nilikwenda chooni mara nyingi mwaka ule kuliko mgonjwa yeyote. Karanga zikakoma. Nilikuwa nimefanya yote yale ili nisiwe peke yangu, na sasa nilikuwa na mtu mmoja tu duniani, na nikisikia hatua zake nasikia kuchoka.

Mwezi wa nane tulivuna mahindi ya shamba la shule. Yalirundikwa na maganda yake kwenye banda la nyasi huko shambani, yakisubiri kupukuchuliwa, na tulilinda kwa zamu kwa ajili ya nyani na wezi. Tulikuwa tunayasubiri kwa hamu, maana ndiyo yangetuokoa na yanga. Jumapili moja zamu ilikuwa ya Athumani. Mimi nilikuwa nikipita na mashati ya Hoza kwenda kuyaanika. Akaniita, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Nishikie zamu kidogo, nishuke mtoni nitie udhu, niswali alasiri. Sichelewi."

"Nenda tu."

"Na wewe?"

"Nitaswali bwenini."

Hajapotea machoni vizuri, Hoza akatokea na kibiriti. Alikuwa na hamu ya hindi la kuchoma. Nikamwambia upepo mkali, nyasi zimekauka. Akaniangalia kwa uchungu, kama vile nimemtukana. "Unaninyima, mbuya?" Basi nikakusanya maganda mimi mwenyewe, nikayapanga mimi mwenyewe, yeye akawasha. Sijui kama tulimaliza hindi moja. Upepo ulipuliza cheche mara moja tu, na nyasi zikashika kwa sauti kubwa. Tulipiga kwa matawi, nyusi zangu zikaungua, halafu Hoza akanivuta shati tukakimbilia kwenye mkonge. Tukiwa tumechuchumaa huko ndani tulimwona Athumani akipanda kutoka mtoni mbio, mikono na uso bado vimelowa, akirusha mchanga kwa viganja kwenye moto uliokwisha kumshinda. Aliendelea kurusha mpaka mkuu wa shule alipofika.

Kesho yake tulisimamishwa mstarini. Mkuu wa shule hakuwa mtu wa kelele, na siku ile alikaribia kunong'ona.

"Zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuswali."

"Ulimwacha nani?"

Athumani aliangalia chini. Nilikuwa mstari wa pili, naona shingo yake na viraka vyake viwili. Kijana ambaye hakuwahi kudanganya hata juu ya homa. "Sikumwacha mtu," akasema. Wakati ule nilidhani ananificha mimi kwa urafiki. Baadaye nilielewa kwamba aliniogopea. Yeye ndiye aliyeyatamka maneno. Angenitaja, ningeulizwa nilikuwa na nani, na mimi ningesema au nisingesema, na aliamini kwa moyo wote kwamba nikisema nitakufa.

Jumatano nilikuwa nikifagia baraza la ofisi ya walimu, dirisha liko wazi. Nikasikia mmoja anasema, "Yule mtoto hakuwasha moto ule, hata mjinga anaona. Kuna mtu anamficha." Wa pili akajibu huku akikoroga chai, "Mkuu kasema akitokea wa kusema kweli kabla ya Ijumaa, mtoto anabaki. Asipotokea, anapewa barua yake aende kwao akalime." Nilifagia mahali pale pale mpaka sakafu ikachubuka. Nikamfuata Hoza bafuni, nikamwambia twende tukaseme. Mbuya wangu, fundi wa kuiga sauti za watu, akawa hana hata sauti yake. "Baba ataniua, Mhando. Nakuomba. Unakumbuka ulichokula?" Nilikumbuka. Na pamoja na huruma yote niliyokuwa nayo kwa Athumani, nilipoulizwa vile nilipata nafuu. Nilikuwa na sababu.

Alhamisi mchana nilikuwa tenkini na ndoo ya mashati. Athumani akaja, akasimama mbele yangu, akaniambia nifungue vifungo. Nikafungua. Akachovya vidole kwenye maji yangu ya sabuni, hakukuwa na mengine, akaninyunyizia kwenye kovu mara tatu, akasema maneno kwa Kizigua kwa sauti ile ile ya mtu mzima, ila safari hii polepole, akiyarudia mengine kinyumenyume. Kisha akafuta mkono kwenye kaptula. "Nimeyarudisha," alisema. "Niliyasema mimi, nimeyarudisha mimi. Babu alikuwa akifanya hivi watu wakishindwana. Hakuna kinachokushika sasa, Mhando. Unaweza." Hakusema niseme. Alisema naweza, basi, akaondoka zake.

Ofisi ya mkuu ilikuwa ng'ambo ya uwanja, mlango wazi, naye ndani anamenya chungwa. Naliona ganda lile likining'inia hadi leo. Nilimwamini Athumani kabisa; kama niliamini alivyonifunga, nilipaswa kuamini alivyonifungua, na niliamini, nilihisi kifua kimekuwa chepesi. Ningeweza hata kumwacha Hoza nje nikasema ni mimi peke yangu, na nisingekuwa nadanganya sana. Nilisuuza mashati. Nikakamua, nikaanika, nikanyoosha kola moja baada ya nyingine. Niliogopa kufukuzwa, ndiyo, lakini kilichonishinda hasa ni kidogo kuliko hicho, na ni aibu kukiandika nikiwa na mvi hizi: niliwaza nani atanikatia ugali. Mashati yalipokauka nikayakunja na kumpelekea mwenyewe.

Kwa hiyo nilibaki na Hoza. Ningemwachaje, baada ya kumlipia bei ile? Tukasimamiana kwenye harusi zetu, tukazikiana wazazi, watoto wake wananiita baba. Kila alipoomba nilitoa, na sidhani kama aliwahi kujua kwamba nilikwisha kufunguliwa zamani. Athumani yupo Sindeni, analima. Mwaka mmoja nilikwenda kukabidhi kisima kijijini kwao, akasimama kwenye mkutano na kunishukuru kwa heshima zote, "bwana maji" hapa, "bwana maji" pale, watu wakapiga makofi. Nilimtazama machoni nikitafuta chuki ya kushikilia, sikuiona. Nikasingizia gari linanisubiri.

Athumani alipewa barua yake Ijumaa ile asubuhi. Niliomba ruhusa nimsaidie kubeba tranka lake la bati mpaka stendi, na mwalimu wa zamu akanisifu kwa moyo mwema. Tulipita Manundu, mimi tranka kichwani, yeye mkononi na godoro lake la sufi alilolikunja na kulifunga kamba ya mkonge. Ndani ya tranka hakukuwa na kitu kizito. Nilisubiri aniulize. Kila hatua nilisubiri, nilishatayarisha majibu, na mengine yalikuwa mazuri. Aliniambia mtihani wa jiografia utakuwa mgumu nisome ramani. Basi la Handeni lilikuwa linaunguruma. Alipanda, akapokea tranka, akaliweka miguuni, kisha akatoa kichwa dirishani akalitazama jua.

"Rudi sasa," akasema. "Utachelewa chakula."

Nilirudi mbio, njia nzima, na sikuchelewa.